Subhash Mukherjee: munganga aliyeacha kizazi kipumzike, na serkali yake ikamkataa

Tarehe 3 mwezi wa 10, 1978, mtoto msichana alizaliwa kwa kupasuliwa katika kliniki moja ya mji wa Calcutta, mashariki ya India. Mji ulikuwa bado unakausha nyumba zake kisha mafuriko makubwa ya mwisho wa mwezi wa 9. Wakati huohuo watu walikuwa wanajitayarisha kwa sikukuu ya Durga, mungu mke ambaye Wahindu wa Bengali wanamheshimu sana. Ndiyo sababu magazeti yalimwita mtoto yule Durga. Jina lake la kweli lilifichwa, maana wazazi hawakutaka majirani na watu wa familia wajue namna alivyopatikana.

Mimba ya Durga haikuanzia tumboni. Ilianzia katika chupa ndogo, mikononi mwa profesa mmoja wa serkali mwenye umri wa miaka 47, Daktari Subhash Mukherjee. Siku 70 tu mbele ya hapo, tarehe 25 mwezi wa 7, dunia nzima ilikuwa imeshangilia kuzaliwa kwa Louise Brown katika mji wa Oldham, Uingereza, mtoto wa kwanza wa epruveti. Durga alikuwa wa pili. Lakini waganga wa Oldham waliendelea na kazi yao, na mmoja wao, Robert Edwards, akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2010. Munganga wa Calcutta alifikishwa mbele ya tume ya serkali, akaambiwa kwamba maneno yake si ya kweli, na miaka isiyofika mitatu kisha kuzaliwa kwa mtoto alikuwa amekufa.

Leo hospitali nyingi za uzazi duniani, kutoka Melbourne mpaka Shanghai, zinafanya kila siku kitu ambacho yeye alikifanya kwanza.

Mukherjee alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 1, 1931, huko Hazaribagh, mji ambao leo uko katika jimbo la Jharkhand. Alisoma Calcutta. Kwanza alijifunza fiziolojia, elimu ya namna viungo vya mwili vinavyofanya kazi, katika Presidency College. Halafu akamaliza masomo ya uganga mwaka wa 1955 katika Calcutta National Medical College. Mwaka wa 1958 akapata doktora katika chuo kikuu cha Calcutta juu ya mambo ya uzazi. Hiyo haikumtosha. Akaenda Edinburgh, huko Scotland, kujifunza homoni za uzazi, na mwaka wa 1967 akatoka na doktora ya pili.

Mtu wa doktora mbili, mwenye kujua kazi ya laboratware na pia kazi ya hospitali, angeweza kubaki Uingereza, na waganga wengi wa India wa rika lake walibaki kule. Yeye alirudi Calcutta. Akawa mwalimu wa fiziolojia katika shule za uganga za serkali ya jimbo la West Bengal. Jambo hilo ni la kukumbuka, kwa sababu litarudi mwishoni: mwalimu wa serkali ni mtu wa barua. Barua moja kutoka biro ya wizara inatosha kumhamisha leo hapa, kesho kule, na hana wa kumlalamikia.

Bibi yake, Namita, alikuwa mwalimu wa shule. Hawakuwa na watoto. Nyumba yao ya Calcutta haikuwa kubwa, na sehemu ya kazi yake ya utafiti aliifanya humohumo nyumbani, na vyombo vichache.

Kitu kilichomshughulisha ni wanawake wasiopata mimba. Mateso ya mwanamke wa namna hiyo katika Bengali ya miaka ile hayahitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa Bukavu ao wa Butembo. Lawama yote inamwangukia yeye, hata pasipo mtu kumpima bwana. Mama-mkwe anasema, mawifi wanasema, na siku moja bwana analeta bibi mwingine. Kwa wengine kati yao ugonjwa ulikuwa wazi: mirija ya uzazi imeziba. Yai linatoka kila mwezi, mbegu za mwanaume zinafika, lakini havikutani, kwa sababu njia imefungwa. Mama wa Durga alikuwa mmoja wao.

Watu wengi wanafikiri kwamba ugumu wa mtoto wa epruveti ni kuunganisha yai na mbegu ndani ya chupa. Hiyo ni kazi ngumu, ndiyo, lakini si hapo ambapo wengi walishindwa. Edwards aliweza kuunganisha yai la mwanamke na mbegu katika laboratware tangu mwisho wa miaka ya 1960. Ilichukua karibu miaka kumi tena ili mtoto azaliwe. Sababu yake ni hatua inayofuata, ile isiyoonekana kwa macho ya mtu yeyote: kiinitete, yaani kile kitoto cha seli chache tu, kidogo kuliko punje ya chumvi, lazima kishike katika ukuta wa kizazi. Kisiposhika, kila kitu kilichofanywa mbele yake kinapotea, na mama anaona damu yake kama mwezi mwingine wowote.

Na kushika si jambo la bahati tu. Ukuta wa kizazi haukubali mgeni wakati wowote. Katika mwezi wa mwanamke wa siku 28, kuna siku chache tu, karibu siku ya 20 mpaka ya 24, ambapo ukuta uko laini, umejaa damu na chakula, tayari kupokea. Mbele ya siku hizo haujaiva. Kisha siku hizo, mlango umefungwa. Mukulima wa Kivu anajua jambo hilo bila kusoma uganga: maharagwe mazuri namna gani, ukiyatupa shambani katikati ya kiangazi hayataota, na kosa si la maharagwe.

Sasa hapa ndipo kulikuwa na mtego. Ili kupata mayai mengi kwa mara moja, waganga walikuwa wanampa mwanamke homoni za nguvu. Wakati ule homoni hizo zilitolewa katika mkojo wa wanawake wazee waliokwisha kuacha kuona siku zao, maana mwili wao unazitoa kwa wingi. Kwa kawaida mwanamke anatoa yai moja kwa mwezi. Kwa dawa hizo anaweza kutoa mengi. Faida inaonekana. Lakini mayai mengi yakikomaa pamoja, homoni za mwili wenyewe zinapanda juu kupita kipimo cha kawaida, na ukuta wa kizazi unachanganyikiwa. Unaiva haraka kuliko mtoto. Wakati kiinitete kinarudishwa tumboni kisha siku mbili ao tatu, kinakuta siku za kupokelewa zinakaribia kwisha ao zimekwisha.

Edwards na mwenzake Patrick Steptoe waligonga kichwa katika ukuta huo miaka mingi. Wanawake wao walipewa homoni, mayai yakapatikana, viinitete vikarudishwa, na hakuna mtoto aliyezaliwa. Mwishoni wakachukua uamuzi mgumu: waliacha dawa. Wakangoja mwili wa mwanamke utoe yai lake moja la mwezi, wakalichukua lile moja, wakaliunganisha, wakalirudisha katika kizazi ambacho hakijavurugwa na kitu. Ndivyo Louise Brown alivyopatikana. Ni njia safi, lakini ni yai moja tu. Likiharibika, mwanamke anangoja mwezi mwingine na anapasuliwa tena.

Mukherjee aliona shida ileile, akiwa mbali, pasipo fedha zao na pasipo kushauriana nao, na akapata jibu lingine. Yeye hakuacha dawa. Aliamua kutenganisha mambo mawili ambayo wote walikuwa wanayafanya pamoja: mwezi wa kutoa mayai na mwezi wa kupokea mtoto. Mwezi wa kwanza, mwanamke apewe homoni, mayai yatolewe mengi, yaunganishwe na mbegu za bwana. Lakini yasirudishwe. Viinitete viwekwe katika baridi kali, vingoje. Mwanamke aende nyumbani, damu yake itoke, mwili usahau dawa. Halafu, katika mwezi mwingine wa kawaida, wakati kizazi chenyewe kimefikia siku zake za kupokea, kiinitete kitolewe katika baridi na kirudishwe.

Leo wazo hilo linaonekana rahisi. Mwaka wa 1978 lilikuwa karibu wazimu. Viinitete vya panya vilikuwa vimegandishwa na kurudishwa katika uzima mwaka wa 1972, na mwaka wa 1973 ndama mmoja alikuwa amezaliwa Uingereza kutokana na kiinitete kilichogandishwa. Kwa binadamu, hakuna mahali popote duniani ambapo jambo hilo lilikuwa limeleta mtoto.

Alifanya kazi hiyo na watu wawili. Sunit Mukherjee, ambaye jina lao linafanana, alikuwa fundi wa mambo ya baridi kali. Saroj Kanti Bhattacharya alikuwa munganga wa wanawake. Watatu hao walitosha. Kwa kutoa mayai hawakupitia tumboni kwa kamera kama Steptoe. Walipitia njia ya uke, kwa kukata kidogo ndani. Hata hapo walikuwa mbele ya wakati: siku hizi karibu mayai yote yanatolewa kwa njia ya uke, kwa sindano inayoongozwa na ekografia.

Shida ya kugandisha ni maji. Seli imejaa maji, na maji yakiganda yanakuwa barafu yenye ncha, inayopasua seli kutoka ndani. Kwa kuzuia hilo walitumia dawa inayoitwa DMSO, inayoingia katika seli na kupunguza barafu hiyo. Kiinitete kilikuwa kimefikia seli nane. Kikatiwa ndani ya ampuli ya kioo, ampuli ikafungwa, ikazamishwa katika azoti ya maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Kikakaa humo siku 53.

Calcutta ya miaka ile ilikuwa mji wa delestaje. Umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku, saa nyingi. Watu waliosikia habari hiyo walicheka: viinitete vilihifadhiwa namna gani katika mji ambao hata frigo ya nyama haidumu mpaka jioni? Lakini azoti ya maji haihitaji umeme. Inahitaji chombo kizuri kama termos kubwa, na mtu wa kuongeza azoti inapopungua. Watu wanaofanya kazi ya kupandisha ng'ombe mimba kwa mbegu zilizogandishwa walikuwa wamejua hilo tangu zamani.

Kisha siku 53 kiinitete kikayeyushwa, kikarudishwa, na kikashika. Miezi ikapita. Katika kliniki, tarehe 3 mwezi wa 10, mtoto akatoka akiwa mzima, asiye na kilema.

Mukherjee aliandika ripoti na kuitoa kwa wakubwa wa afya wa jimbo. Alieleza kazi yake katika mkutano wa kimataifa wa homoni huko New Delhi, na makala moja ikatokea mwaka huohuo katika jarida la India la mambo ya baridi kali. Lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kupata habari. Na hapa kosa lake la kwanza mbele ya serkali lilipatikana: mfanyakazi wa serkali alikuwa amesikika na watu wote mbele ya wakubwa wake kutoa ruhusa.

Ni lazima kusema haki kwa pande zote. Kulikuwa na sababu za kuuliza maswali. Maelezo yaliyochapishwa yalikuwa mafupi sana kwa jambo kubwa namna ile. Wazazi wa mtoto walikuwa watu wa familia yenye kufuata desturi, waliogopa maneno ya watu, na hawakukubali mtoto aonyeshwe kwa mtu yeyote. Munganga alishika neno lake kwao. Kwa hiyo hakuwa na shahidi wa kumwonyesha. Mwanasayansi anayesema jambo kubwa anaombwa ushahidi mkubwa, na hiyo si uadui.

Lakini tume iliyowekwa na serkali ya West Bengal tarehe 18 mwezi wa 11, 1978, haikuwa tume ya kutafuta ushahidi. Aliyeiongoza alikuwa mtaalamu wa fizikia ya mawimbi ya redio. Pamoja naye kulikuwa na waganga na maprofesa wa mambo mengine, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya kuunganisha yai na mbegu katika chupa, ao ya kugandisha kiinitete. Wanaojua waliyoyapitia wanasema maswali yalikuwa ya kumdharau. Aliulizwa namna ampuli inavyofungwa; alipojibu kwamba kioo kinafungwa kwa moto, wakataka kujua kwa nini viinitete havikuungua, kana kwamba moto unaogusa shingo ya ampuli unachemsha kila kitu kilicho chini. Jambo lingine lililowaudhi ni umaskini wenyewe wa kazi: namna gani mtu mwenye vyombo vichache katika nyumba ndogo ya Calcutta afanye kitu ambacho hospitali tajiri za Ulaya hazijakifanya? Kwao hiyo ilikuwa dalili ya uongo. Hawakufikiri kwamba inaweza kuwa dalili ya akili.

Tume ikamaliza kwa kusema madai yake hayaaminiki.

Kilichofuata kilifanywa kwa barua. Mwaka wa 1979 alialikwa Kyoto, Japani, kueleza kazi yake mbele ya wataalamu. Hao ndio watu ambao wangeweza kumpima kweli: kama alikuwa mwongo, wangemjua kwa nusu saa. Serkali ikamkatalia ruhusa ya kusafiri. Alikuwa anafundisha Bankura, mji mdogo magharibi ya jimbo, mbali na Calcutta, mbali na wenzake wawili na vyombo vyao. Hakuweza kurudia kazi ile mara ya pili, na katika sayansi kitu kisichorudiwa kinabaki neno tu. Wenzake wengi wa uganga walinyamaza. Wengine walishiriki katika kumcheka.

Moyo wake ukaugua. Kisha ugonjwa huo akarudishwa Calcutta, na katika mwezi wa 6, 1981, barua nyingine ikafika: anahamishwa katika taasisi ya magonjwa ya macho. Mtu aliyejifunza homoni za uzazi kwa miaka zaidi ya ishirini, katika nchi mbili, akapelekwa kwenye macho. Hakuna haja ya kutafuta maana iliyofichwa katika barua ya namna hiyo.

Tarehe 19 mwezi wa 6, 1981, Daktari Subhash Mukherjee alijiua nyumbani kwake Calcutta. Alikuwa na miaka 50. Bibi yake ndiye aliyebaki na makaratasi, na maneno ya watu.

Wazo lake halikufa naye, lakini halikubeba jina lake. Huko Melbourne, Australia, Alan Trounson na Linda Mohr walitangaza mwaka wa 1983 mimba iliyotokana na kiinitete kilichogandishwa. Walitumia DMSO, na kiinitete chao kilikuwa cha seli nane, kama kile cha Calcutta. Tarehe 28 mwezi wa 3, 1984, msichana anayeitwa Zoe akazaliwa kule, na vitabu vya uganga vikamwandika kuwa mtoto wa kwanza duniani aliyetoka katika baridi. Durga alikuwa na miaka mitano na nusu, anasoma, na hakuna aliyemtaja.

Mwanzoni waganga waligandisha viinitete kwa sababu nyingine: vilikuwa vimebaki, na hawakutaka kuvitupa. Wazo lenyewe la Mukherjee, kugandisha kwa kusudi ili kizazi kipumzike kutokana na dawa, lilirudi polepole, na leo lina jina lake katika kila hospitali ya uzazi: kugandisha vyote. Mwanamke anatoa mayai mwezi huu, hakuna kinachorudishwa, anakuja kupokea mwezi mwingine. Utafiti mkubwa uliofanywa China na kutangazwa mwaka wa 2016, kwa wanawake 1508 wenye ugonjwa wa vifuko vingi katika ovari, ulionyesha tofauti wazi. Kati ya waliongoja na kupokea kiinitete kilichogandishwa, asilimia 49.3 walizaa mtoto mzima. Kati ya waliopokea palepale, asilimia 42. Tena hatari ya mwili kuvimba kwa ajili ya dawa, ambayo inaweza hata kuua, ilishuka kutoka asilimia 7.1 mpaka 1.3.

Si kwa wote. Mwaka wa 2018 tafiti mbili, moja ya Vietnam na nyingine ya China, zilichukua wanawake wasio na ugonjwa huo, na tofauti ya kuzaa haikuonekana. Kwa hiyo munganga mwaminifu hatamwambia kila mama angoje. Atamwangalia yeye mwenyewe, umri wake, mayai yake, namna mwili wake ulivyoitikia dawa. Viinitete vingi havishiki kwa sababu vyenyewe vina kasoro tangu mwanzo, hasa mama akipita miaka 35 ao 40, na hapo kizazi kilichopumzika namna gani hakitaviokoa. Na imani ileile inayopatikana kila mahali, kwamba mama akilala kitandani siku nyingi kisha kupokea mtoto hatashika kwa kuinuka, imepimwa pia: kulala hakusaidii. Kiinitete hakianguki kama embe. Mama wengi wangeepuka siku nyingi za hofu kama wangeambiwa hilo mapema.

Huko India, kwa miaka mingi, historia ilikuwa na mlango mwingine. Mtoto aliyetangazwa kuwa wa kwanza wa epruveti nchini humo alizaliwa Bombay tarehe 6 mwezi wa 8, 1986, kutokana na kazi ya mwanasayansi T. C. Anand Kumar na munganga Indira Hinduja. Kazi yao iliandikwa vizuri, na hakuna aliyeitilia shaka. Mukherjee alikuwa amebaki katika hadithi na filamu: mwandishi Ramapada Chowdhury alikuwa ameandika hadithi iliyotokana na maisha yake, na mwongozaji Tapan Sinha akaifanya filamu, Ek Doctor Ki Maut, maana yake kifo cha munganga mmoja. Watu wakalia katika sinema. Vitabu vya sayansi havikubadilika kwa sababu ya machozi.

Aliyevibadilisha ni Anand Kumar mwenyewe, na hapa habari inapata mtu wa kustahili heshima ya pekee. Mwaka wa 1997 alifika Calcutta, na makaratasi ya Mukherjee yakawekwa mikononi mwake, pamoja na maandishi yake ya mkono. Anand Kumar alikuwa na kila sababu ya kuyarudisha bila kuyasoma. Taji lilikuwa lake. Hakuna aliyemdai. Lakini aliyasoma, akapima kila hatua kwa ujuzi wa mtu aliyefanya kazi hiyohiyo, akazungumza na wazazi wa Durga, na akakuta kwamba yanasimama. Halafu akaandika katika jarida la sayansi la India, Current Science, mwaka huohuo, kwamba mtengenezaji wa mtoto wa kwanza wa epruveti nchini India ni Subhash Mukherjee. Kwa hiyo si yeye. Watu wanaojivua heshima kwa mikono yao wenyewe ili kumvika marehemu ambaye hawakuwa ndugu ni wachache, katika sayansi na mahali pengine.

Miaka michache kisha hapo, Baraza la Utafiti wa Uganga la India nalo likaitambua kazi hiyo. Serkali iliyompeleka kwenye macho haikuweza tena kumrudisha popote.

Tarehe 3 mwezi wa 10, 2003, msichana aliyefichwa kwa jina la Durga alitimiza miaka 25. Alikuwa amesoma, ana kazi, na anaishi kama vijana wengine wa umri wake. Siku hiyo, huko Calcutta, mji ambao ulikuwa umekwisha kubadilisha jina na kuitwa Kolkata, alisimama mbele ya watu na waandishi wa habari, akasema jina lake la kweli, na kueleza kwamba yeye ndiye.